Ufunguo wa Kipupwe

Jumatatu, 3 Juni

Daftari jipya. Lile la zamani limejaa hesabu za mataulo na foronya, hili ni langu mwenyewe. Binti yangu asiliguse.

Leo meneja ametuita sisi watu wa vyumba. Ghorofa ya juu inafungwa mpaka wageni warudi. Vyumba kumi na viwili, na wa kuvifunga ni mimi, maana Bi Stoo, mwenye stoo yetu, amestaafu mwezi uliopita na hakuna mwingine hotelini anayejua kazi hiyo inavyofanywa. Halafu akaongeza kwamba ghorofa ikifunguliwa itakuwa na msimamizi wake. Nikanyoosha shingo. Awe na cheti cha sekondari, akasema — huku anaangalia karatasi badala ya kuniangalia mimi.

Miaka kumi na tisa niko hapa. Yule binti wa chumba cha pasi, niliyemfundisha mimi kukunja kona za shuka mpaka zikakaa, cheti anacho. Kwa hiyo mambo yako wazi. Nisipofaulu mwaka huu, nitakuwa naomba ruhusa ya kwenda kunywa chai kwa mtoto niliyemfundisha kazi. Sina ugomvi naye, ana adabu, shikamoo yake haikosi kila asubuhi. Lakini ruhusa ya chai siombi.

Masomo mengine yote nimeshavuka. Limebaki moja, fasihi. Limeniangusha mara mbili. Ya tatu halinipati.

Jumatano, 5 Juni

Darasani saa kumi, nikiwa bado na aproni. Tuko watahiniwa kumi na tisa, na kumi na wanane kati yao ningeweza kuwazaa. Wananiita Shangazi. Mwalimu mwenyewe kijana tu, ananiita mama kwa heshima zote, kisha anasahihisha karatasi yangu kama mtu tuliyekosana zamani.

Leo katuletea shairi la kigeni lililotafsiriwa, la zamani sana. La kiromantiki, akasema. Vijana wa viti vya nyuma wakakaa vizuri wakitegemea mabusu. Mwalimu akawaambia watulie, washairi wale walikuwa wakizungumza na upepo, mawingu na majira ya mwaka kana kwamba wanazungumza na watu. Vijana wakarudi kulala.

Shairi linazungumza na kipupwe, majira ya baridi. Nimelinakili, ni fupi:

Kipupwe, mtunza nyumba, umepanda ghorofani,
Wafunika viti vyote kwa mashuka ya kitani;
Moto waulaza chini, majivuni, taratibu,
Na ufunguo watia mshipini, u karibu.
Nyumba yote yanyamaza, kama isiyo na mtu;
Nami nimesimama nje, sina hodi, sina kitu.

Kisha akatuandikia ubaoni majibu ya mwongozo. Shuka jeupe ni sanda. Majivu ni mwisho wa uhai. Kimya ni kaburi. Dhamira ni uzee na kifo. Maksi ishirini hizo, akasema, zimelala chini, ziokoteni.

Nimeziokota. Njia nzima ya kurudi nyumbani nakariri: shuka sanda, majivu mwisho, kimya kaburi. Mama mmoja njiani kanipisha haraka haraka. Nadhani alidhani nina msiba.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeanza na chumba 31. Kazi ya kufunga chumba ina utaratibu wake, Bi Stoo alinifundisha kwa kunifokea. Blanketi hukunjwa mara nne, vidonge vya kufukuza nondo katikati. Godoro husimamishwa lipate hewa. Miguu ya viti hufutwa kwa kitambaa kikavu, kisha shuka, lifike chini kabisa, vumbi lisipate njia. Mwisho kikadi kwa pini: tarehe, idadi, kilichomo.

Nilikuwa nafunika na kukariri. Kiti cha kwanza, shuka sanda. Cha pili, shuka sanda. Cha tatu mdomo ukagoma.

Sanda gani? Kwenye korido palikuwa na kiti cha nne, mguu umevunjika. Hicho sikukifunika. Nilikishusha uani hivyo hivyo kilivyo, maana ndivyo Bi Stoo alivyotufundisha — kilichokufa peleka uani, usiniharibie shuka. Vinavyofunikwa ni vizima. Tunavifunika kwa sababu tunavitaka tena.

Nikakaa chini sakafuni, nikatoa karatasi mfukoni, nikasoma upya. Mtunza nyumba. Shairi zima linahusu mtu anayefanya kazi yangu! Wamelisoma wenye mwongozo, wamelisoma walimu, wamelisoma watoto miaka nenda rudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufunga chumba.

Hasira zilinishika mpaka nikamaliza vyumba vitatu kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 10 Juni

Nimenyoosha mkono. Nikasema mwalimu, shairi hili halizungumzii kifo. Nikaeleza yote: blanketi, nondo, kikadi, kiti cha uani. Darasa likacheka, lakini kicheko cha kusikiliza. Kijana mmoja wa nyuma aliamka kabisa.

Mwalimu hakunidharau, nitasema ukweli. Alilisoma tena, kidole kikienda na mistari. Kisha akaniuliza: na ufunguo je, mama? Kipupwe kafunga, kauweka mshipini, kaenda nao. Hakumwachia mtu. Mshairi yuko nje hana pa kuingilia. Sasa hapo nani atafungua?

Nilikwama. Nimesimama pale na kidole changu hewani. Wakaanza, Shangazi kafungiwa nje, Shangazi kafungiwa nje. Nikaketi. Masikio yalikuwa ya moto mpaka mwisho wa kipindi.

Jumanne, 11 Juni

Ninalo jibu. Nilikuwa nalo kiunoni siku zote, punguani mie.

Nilikuwa nafunga 36. Nimeinama kuvuta shuka, funguo zikanichoma ubavuni, na nikaikumbuka siku Bi Stoo alipostaafu. Aliingia resepsheni, akafungua mkanda wake, akachomoa lile shada la funguo thelathini na kitu, akaliweka juu ya meza mbele ya meneja. Akabaki anajishika kiuno kana kwamba kuna mtu kamwibia. Sikumwona akilia siku nyingine yoyote. Jioni ile meneja akanipa mimi.

Basi ndivyo ilivyo. Aliyemaliza hukabidhi. Mwenye ufunguo kiunoni bado yuko kazini. Kipupwe kaondoka nao kwa sababu atakayefungua ni yeye mwenyewe. Na shairi linasema u karibu. Hajaenda mbali.

Nimeyaandika haya nyuma ya orodha ya foronya ili yasinitoroke.

Jumatano, 12 Juni

Nimemngoja mwalimu mlangoni kabla ya kipindi. Nikamweleza habari ya Bi Stoo na funguo. Akatafuna mfuniko wa kalamu. Akasema, mimi nakuelewa, mama. Msahihishaji hatakuelewa. Yeye atakuwa na karatasi mia tano na mwongozo mmoja, na ndani ya mwongozo hakuna nondo.

Nikamuuliza, wewe unaonaje, ni kifo?

Akasema yeye anafundisha watu wafaulu. Nikamwambia hilo silo nililouliza. Akaangalia saa yake, kipindi kikaanza. Jaribio ni keshokutwa. Asiyepata arobaini, fomu yake ya mtihani wa mwisho haisainiwi.

Ijumaa, 14 Juni

Jaribio limekwisha. Swali la nne: Kwa kutumia taswira tatu, onyesha jinsi shairi linavyojadili kifo.

Nimeandika kwamba halikijadili. Kurasa mbili na nusu. Mkono unauma, na sijuti.

Jumamosi, 15 Juni

Najuta kidogo.

Binti yangu kasikia. Yeye alifanya mtihani huu miaka mitatu iliyopita, shairi hilihili, aliandika sanda na kaburi, akapata maksi kumi na nane. Leo anafua, mimi naanika, akaniambia: mama, kwenye mtihani wa mwisho wewe andika kifo, chukua cheti chako, ukitoka pale uamini unachotaka. Karatasi ile hata hawakurudishii. Wewe unatafuta cheti au unatafuta ugomvi?

Vyote viwili, nikamwambia.

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema anaogopa. Mara mbili zilizopita nilikaa siku tatu nzima bila kusema na mtu, na yeye ndiye aliyekuwa anapika. Sikujua kwamba alikuwa amehesabu siku. Nikamwambia safari hii nitapika mwenyewe. Akaendelea kukamua shati.

Baadaye nikafikiria maneno yake. Kwa nini nisiandike kifo? Ni mstari mmoja tu, hauniumi mahali. Halafu nikakumbuka meneja anavyoniangalia, na dada yangu anavyosema kwa umri huo unatafuta nini tena, tulia ulee wajukuu ambao hata hawajazaliwa. Wote hao wamesoma mwongozo. Wakiona mtu kichwa kimeanza weupe, wanasema huyo kafunikwa, basi. Nikiandika kwa mkono wangu kwamba shuka ni sanda, nimewasainia.

Siandiki.

Jumatatu, 17 Juni

Siku mbaya.

Nimefika kazini, lori limeegeshwa uani. Wapagazi wanashusha viti vyangu. Vya 31, 32, 33, 34, 35. Vimefunikwa bado. Meneja kasema wenye hoteli wameamua kuviuza vyote vya upande ule, watanunua vipya. Mpagazi mmoja akauliza tuvue mashuka? Meneja akasema viacheni hivyo hivyo, visije vikashika vumbi njiani.

Nilisimama mlangoni pa stoo nikaviona vinapita kimoja kimoja, vyeupe, vimebebwa na watu wawili wawili. Vikadi vyangu vinapepea. Nilichokiandika kwa mkono wangu — tarehe, viti vitatu, vizima. Nisidanganye humu ndani: vilifanana na maiti. Kama mwenye mwongozo angekuwepo pale, angenigeukia tu na kunyanyua nyusi.

Darasani sikwenda. Binti yangu kaona uso, hakuuliza. Nimelia jikoni nikisingizia moshi. Kurasa mbili na nusu nimeandika kwamba kinachofunikwa hurudiwa. Kumbe hakirudiwi.

Jumanne, 18 Juni

Kila jioni nikimaliza kupika nafukia kaa moja kubwa ndani ya majivu, ili asubuhi nipate pa kuwashia. Nafanya hivyo tangu nikiwa msichana. Leo alfajiri nimechokonoa majivu, limezimika. Baridi kabisa. Nikasema sawa, hata wewe.

Nikatafuta kiberiti, nikawasha upya, nikachemsha maji. Nimeshapiga nusu kikombe ndipo akili ikafanya kazi. Kaa limewahi kuzimika mara ngapi? Mara nyingi tu, kila wiki halikosi moja. Na jioni nitafanya nini? Nitafukia lingine. Bila hata kufikiri. Sijawahi kufukia kwa sababu nina hakika litadumu. Nafukia kwa sababu sijakubali liishe.

Viti vimeuzwa, ndiyo. Waliouza ni wenye hoteli. Mimi niliyefunika sikuwa nauza. Mkono wangu ulisema vinatakiwa, na mkono wangu haukusema uongo. Shairi lile halizungumzii mwenye nyumba, wala kama atarudi au hatarudi. Linazungumza na anayefunika. Anapanda ghorofani kwenye baridi, peke yake, anavitunza vitu kana kwamba kesho ipo. Dhamira si kifo, wala si kwamba kila kitu kitarudi, hapo nilikuwa nimezidisha. Dhamira ni kutunza. Ni ubishi wa kutunza.

Na mistari miwili ya mwisho, ambayo sikuigusa kwenye jaribio kwa sababu niliiogopa! Nyumba yote yanyamaza, kama isiyo na mtu. Nani anasema hivyo? Aliyesimama nje. Hajaingia, hajabisha, anachungulia mashuka dirishani, basi keshatangaza msiba. Aliyeandika mwongozo kasimama palepale.

Nimechelewa kazini dakika ishirini. Mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Nimemwambia meneja nilikuwa na shughuli.

Alhamisi, 20 Juni

Matokeo. Thelathini na sita.

Swali la nne, sifuri. Kwa wino mwekundu: Umetoka nje ya swali. Nilicheka. Nje! Mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Maswali mengine nimeyapata vizuri, kumbe. Zimepungua nne tu. Mwalimu kaniita pembeni, hana raha. Kasema orodha ya watahiniwa inafungwa kesho saa nane mchana. Kasema nije wakati wa mapumziko, nikae kwenye benchi nje ya ofisi yake, niandike upya swali la nne, ukurasa mmoja. Andika kifo, mama, hata kwa nusu ukurasa, nitakupa hizo nne na nitasaini. Nakuombea mema. Msimamo wako uweke nyumbani, utaukuta.

Alikuwa anasema kwa upole, na huo upole ndio ulionitia wasiwasi. Ukali nimeuzoea. Nimelala nikiwaza namna ya kumjibu mtu mpole.

Ijumaa, 21 Juni

Benchi nje ya ofisi ya mwalimu. Saa saba na dakika ishirini. Nimeomba ruhusa kazini, na kwa nani? Meneja hayupo, nimemwomba binti wa chumba cha pasi. Akasema nenda shangazi, nakushikia zamu, ukafaulu. Hata sikuona vibaya. Nitamletea chai.

Karatasi nyeupe magotini. Fomu iko chini yake, nafasi ya saini tupu. Mlango wa mwalimu umefungwa, lakini namsikia anageuza madaftari.

Saa saba na nusu. Nimeandika neno moja. Kifo. Nimelitazama weee. Halina dhambi yoyote, neno la watu, herufi nne. Nikaandika nukta. Nikasimama, nikaketi.

Saa saba na dakika hamsini. Nimemaliza. Ukurasa mmoja, mbele na nyuma. Naandika hapa haraka nilichofanya ili nisijidanganye baadaye.

Aya ya kwanza nimewapa chao. Kifo, nukta, kisha: aliyesimama nje ya nyumba hii ataona shuka akadhani sanda, ataona majivu akadhani mwisho, atasikia kimya akadhani kaburi. Taswira tatu, zote za mwongozo, kwa mpangilio, hakuna hata moja niliyoiharibu. Aya ya pili nimeanza: mimi nimeingia ndani. Na hapo nikashusha yote, nondo, vikadi, funguo za Bi Stoo, kaa lililozimika, lori na viti vyake. Lori sikulificha. Nimeandika kwamba vilichukuliwa na kwamba ningevifunika tena.

Maksi nne zipo kwenye aya ya kwanza. Zimelala chini. Safari hii aziokote yeye.

Akisoma mpaka mwisho anaweza kukasirika. Anaweza kusema nimemfanyia ujanja. Anaweza kukata aya ya pili kwa wino mwekundu na kusaini, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, maana sijui nitakubali. Naandika hili nimesimama, nimeegemea ukuta.

Nilipoinuka funguo zililia kiunoni. Kutoka ndani akauliza, nani yuko hapo mlangoni? Mkono wangu hata ulikuwa haujagusa mlango.

Nimemwambia ni mtunza nyumba.

Kimya. Sasa kiti kinaburutwa. Anakuja.